Mazuku ya Sebuleni

Tangi langu la samaki halikuwa na tatizo lolote. Nalisema mapema kwa sababu hapa mtaani kwetu Himbi hadithi hii imezunguka sana, na kila anayeisimulia ananifanya mimi mtu aliyeingiza volkano nyumbani kwake na kuifungia mlango.

Nilichokuwa natafuta ni mfugo usio na kazi. Mbwa anataka kula, kuku anataka mlinzi, njiwa wanaharibu mabati. Lakini kuna namna ya kufuga samaki wadogo kwenye tangi la kioo lenye udongo chini na majani mengi juu, bila pampu wala chujio, na ukiwa na dirisha zuri hata umeme hauuhitaji. Uchafu wa samaki unakuwa chakula cha majani, majani yanasafisha maji, na wewe unavuta kiti unatazama. Kwa mtu wa Goma, ambako umeme unaondoka bila kuaga, ningetaka nini zaidi?

Fundi wa vioo kule Birere alinikatia vioo vya milimita 6, tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Kwenye gundi nilikaza shingo. Silikoni ya bafuni inawekwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haiwapendi samaki, kwa hiyo nilitaka ile ya kawaida inayonuka siki. Fundi akanitazama kwa muda. "Papa Divine, na samaki yenyewe iko wapi?" Nikamwambia hawajafika. Swali hilo nililizoea baadaye.

Tangi la kipimo hicho likijaa ni lita 63, yaani kilo 63 za maji tupu, kabla hujatia jiwe hata moja. Meza pekee ya kulibeba ilikuwa ya televisheni, hivyo televisheni ikahamia kwenye stuli. Mama Divine hakusema neno. Ukimya wa mke wangu una rangi zake kama tahadhari za volkano: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Siku hiyo tulikuwa njano.

Udongo ndio uliosumbua. Mji wetu umekaa juu ya lava, ukichimba choo unavunja mwamba kwa nyundo, na udongo wa kupandia maua watu wanauleta kwa magunia. Nilimtuma shemeji yangu ndoo moja ya udongo wa kawaida, usio na mbolea, nikalirudia neno hilo hadi akakasirika. Akaleta udongo mweusi, laini, wenye joto kidogo. Nikamuuliza una mbolea? Akaapa kwa kaburi la babu yake. Shemeji yangu ana kipaji cha kuapa.

Nikatandaza sentimita tatu za udongo, na juu yake sentimita tatu za changarawe nyeusi ya lava, ambayo hapa kwetu hainunuliwi, inafagiliwa. Maji yalitoka ziwani. Maji ya Kivu ni ya magadi, pH yake inakaribia 9, na gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, wanayavumilia vizuri kuliko samaki wengi wa tangini. Ila kule ufukweni kuna watu wanaotia klorini kwenye bidoni, yaani madumu ya maji, kwa bomba la sindano, kwa ajili ya kipindupindu, na kijana wangu wa maji alirudi anatabasamu: "Papa, yako nimewaambia waweke mara mbili." Klorini ya mara mbili ni nzuri kwa tumbo la mwanadamu. Kwa samaki ni kifo. Basi bidoni zikamiminwa kwenye mabeseni, mabeseni yakakaa juani mpaka klorini ipae, na parseli nzima, yaani majirani wote wa kiwanja chetu, ikapita ikiangalia mtu anayeanika maji.

Majani niliyatoa kwenye kighuba fulani cha ziwa, nikayapanda mengi tangu siku ya kwanza, kwa maana ukipanda machache mwani unakuwahi. Kilichobaki ni kusubiri. Gapi walikuwa waje kutoka Kigali, lakini tangi jipya halitiwi samaki. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati ambayo majani yanaila, na hao wanachukua mwezi au zaidi kujipanga. Ukiwaharakisha, samaki wanakufa kwa sumu ya mkojo wao wenyewe.

Sasa jaribu kumweleza hayo mgeni aliyeshika kikombe cha chai.

"Na samaki?"

"Bado."

"Wamejificha?"

"Hawapo."

"Aa."

Muzee mwenye nyumba, anayekaa nyumba ya mbele, alikuja kukagua. Akainama, akazunguka nyuma ya tangi, akagonga kioo kwa kucha. "Kwa hiyo umelima mboga ndani ya maji," akasema, na tangu siku hiyo likaitwa hivyo, mboga ya Papa Divine. Jirani wa mlango wa pili, mama mwenye roho nzuri kupita kiasi, alimvuta mke wangu pembeni akamwambia kama ni shida ya pesa za samaki aseme tu, watu wanasaidiana.

Tufike usiku wenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Kama saa nane hivi nikasikia: blup. Kimya. Blup, blup. Kisha harufu ikafika, yai bovu hasa, lile linalopasuka mkononi. Mimi nilijua mara moja ni nini. Udongo ukifunikwa na maji unakosa oksijeni, vitu vilivyomo vinaoza, gesi inapanda, na ile yenye salfa ndiyo inayonuka hivyo. Wiki za mwanzo ni jambo la kawaida kabisa. Nikageukia ukutani nilale.

Lakini nyumba zetu ni za mbao, na mbao hazizuii harufu wala siri. Na huu ni mji wa Goma. Mtu aliyekimbia Januari 2002 lava ilipokata mji katikati mpaka ziwani, akakimbia tena Mei 2021, harufu ya salfa hafundishwi. Pua yake inafunga mizigo yenyewe.

"Papa Divine!" Sauti ilitoka ukutani. "Unasikia?"

"Nasikia," nikajibu. Nilidhani anauliza ile blup.

"Yesu! Na yeye anasikia! Ni mulima!"

Nilipomaliza kuvaa suruali uwanja umeshajaa. Hapa kila nyumba ina ule mfuko wa nyuma ya mlango, wenye karatasi za parseli, diploma, kadi za watoto na picha ya harusi, na mifuko yote ilikuwa mgongoni. Godoro zinaviringishwa. Mtu anapigia ndugu zake Bukavu simu atandikiwe kitanda. Mwalimu wa nyumba ya nyuma alikuwa hata hayupo. Alishapata pikipiki, akapanda na mke, mtoto na godoro, wakashika barabara ya Sake.

Muzee ndiye aliyetuliza watu, kama kuwatisha upya ni kutuliza. Aliangalia upande wa Nyiragongo, volkano yetu, akavuta pumzi, akatangaza: "Haiko mulima. Ni mazuku."

Pakawa kimya kabisa. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za lava, na upande wetu huu wa magharibi tunayo. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa, inajikusanya mahali pa chini, inaua mbuzi na mtu aliyelala chini bila kuwaamsha. Wazee wanaipima kwa moto: ukishusha mshumaa chini ukazimika, usiulize, ondoka.

Muzee akasimamisha mshumaa katikati ya sebule yangu, akafunga mlango, tukabaki ndani wachache kuutazama. Uliwaka vizuri. Uliwaka mpaka nikaanza kutabasamu. Mlango ukafunguliwa ghafla kutoka nje, kichwa kikaingia na upepo wote wa ziwa nyuma yake: "Umezimika?"

Ukazimika.

"Pandeni juu!" Muzee akapiga kelele. Mazuku hukaa chini, kwa hiyo usalama uko juu. Mama Divine na watoto wakapanda meza ya chakula. Mimi kochi. Muzee, katika miaka yake ile, alipanda stuli, na kwa kuwa stuli ilikuwa na televisheni alisimama ameikumbatia. Nikaanza kueleza kutoka kwenye kochi kwamba kaboni dioksidi haina harufu, na hii inanuka, kwa hiyo haiwezi kuwa mazuku.

"Wewe unatetea mazuku?" Muzee akauliza.

Tuliuwasha tena mshumaa. Uliwaka. Mlango ukafunguliwa. "Na sasa?" Ukazimika. Kila ulipozimika, nje walipiga yowe, na kila walipopiga yowe mwingine alifungua mlango kuuliza kuna nini.

Binti yangu ndiye aliyemaliza ubishi. "Papa, harufu iko natoka kwa mboga yako."

Tochi zote za simu zikageuka. Na kweli, kwenye kona ya tangi, kati ya changarawe mbili, kitundu kidogo kilikuwa kinapumua. Povu lilichungulia, likavimba, likajing'oa na chembe ya tope, likainua jani lililokuwa njiani, likapasuka juu ya maji. Muzee alikuwa ameshashuka na kusogeza pua. Lilipasukia hapo hapo. Sijawahi kuona mtu akirudi nyuma hivyo na televisheni mkononi.

Watu walikuwa wameingia sebuleni na blanketi zao mabegani, nikaona nafasi ya kuwaelimisha. Dawa ya gesi hii inajulikana: unachukua kijiti chembamba, unachoma udongo polepole, inatoka kidogo kidogo na kwisha. Nikaomba sindano ya kufumia ya Mama Divine, ambaye sasa alikuwa chungwa inayoelekea nyekundu.

"Tazameni," nikasema. "Haina hatari."

Nikachoma. Changarawe ikainuka, likatoka povu la ukubwa wa ngumi, na tope nyuma yake, na harufu ambayo hata mimi niliyeielewa kisayansi sikuweza kubaki nayo chumba kimoja. Parseli nzima ilipita mlango mmoja. Televisheni ilipita pia.

Tuliporudi na vitambaa puani, kulikuwa na vitu vinaelea. Vyembamba, vya rangi ya fedha, tumbo juu. Sambaza. Sambaza mwenyewe ni mgeni wa ziwa letu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni samaki wa maji mapana ambaye wavu ukimtoa tu, roho imekwenda. Nikageuka kumtafuta jirani wa mlango wa pili. Alikuwa ameangalia pembeni.

"Nilikuwa nimenunua wabichi," akasema. "Tangi tupu linatia huzuni. Nilisema labda wakipata maji wataamka. Nikawasukuma nyuma ya majani, ili ukiwaona useme Mungu ametenda."

Shemeji naye akaona ndio wakati wa kupunguza mzigo wa moyo. Alisema ni mbolea kidogo tu ya mbuzi, ili majani yakue haraka.

"Basi samaki sasa iko," Muzee akasema, akarudisha televisheni kwenye stuli.

Nilitoa sambaza, nikabadilisha nusu ya maji, nikamalizia kuchoma udongo peke yangu madirisha wazi. Tangi lenyewe, niliseme nimalize, lilitulia. Gesi iliisha, majani yakafika juu ya maji, gapi wakavuka mpaka ndani ya mfuko wa plastiki na sasa wanazaana bila mpango. Sijawahi kununua chujio. Ndiyo maana nasema halikuwa na tatizo.

Ila kulipopambazuka simu yangu iliita. Mwalimu.

"Papa Divine, tumefika Sake salama. Lava imefika wapi?"

Nikamweleza. Nilianzia kwenye oksijeni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo lilinitia wasiwasi.

"Pikipiki ya kuja na ya kurudi utalipa wewe," akasema. "Na dereva anahesabu godoro kama abiria."

Nikajaribu kupunguza, angalau godoro lipande kwa bei ya mtoto. Nyuma yake nikamsikia mke wake: "Mwambie na chai tumekunywa. Na mandazi."