Meza ya Wageni Ikaliwe na Asiyeuza Kitu

Mtalii anayeshuka boti ya Dar es Salaam katika bandari ya Malindi, Zanzibar, hupokewa na papasi, yaani dalali wa mitaani anayewawinda watalii, kabla hajaona ofisi yoyote, na mimi simlaumu papasi, kwani naye anatafuta riziki. Ninachodai ni kwamba mgeni huyo apate pia mtu asiyemuuzia kitu. Wanafunzi wa vyuo, na hata walimu wastaafu wanaojua lugha za kigeni, wakaribishwe kujitolea katika vituo vya habari za utalii, kwa sharti kwamba hawapokei kamisheni ya hoteli, teksi wala duka la viungo.

Sharti hilo si dogo. Mgeni akiuliza namna ya kufika uwanja wa ndege, mwenye kamisheni humwitia teksi na yakaisha. Asiye na kamisheni atamweleza pia kuwa ipo daladala ya 505, kwamba hujaa na begi kubwa litamtaabisha, kisha amwachie achague mwenyewe. Akiuliza Beit el-Ajaib, ataambiwa kuwa sehemu ya jumba hilo la mwaka 1883 iliporomoka Disemba 2020, kwa hiyo aulizie vizuri kabla ya kumlipa anayemuahidi kumwingiza ndani.

Mtihani wenyewe ni bima. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anatakiwa kukata bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na aliyekuja na bima ya kwao hukasirika akisikia kwamba haiwezi kushika nafasi ya hii. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kumsikiliza mpaka amalize, bila kununa na bila kumdanganya kuwa ipo njia ya kupenya bila kulipa. Suala la mavazi ni jepesi zaidi: wengi hutembea sokoni Darajani mabega wazi kwa sababu tu hakuna aliyewaambia mapema, tena kwa upole.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kujitolea maana yake ni kufanya kazi kwa njaa. Nauli na chakula cha mchana vilipwe na kituo. Kijana anayetoka Bububu kila asubuhi kwa fedha za mfukoni mwake hatachelewa kuipokea bahasha ya dereva wa teksi, nami sitamshangaa.