Mwaka wa kwanza wa uhandisi usiwe chujio

Kijana anachagua uhandisi kwa sababu anataka kujenga madaraja, kuunda mashine au kufikisha umeme mahali usipofika. Akiingia chuoni, mwaka mzima anashinda kwenye kalkulasi (hisabati ya mabadiliko), fizikia na kemia, katika ukumbi uliojaa mamia ya watu. Mhandisi wa kumfundisha hamwoni. Akihamia kozi nyingine tunasema hesabu zimemshinda.

Sikubali. Wengi wanaoondoka hawapungukiwi akili kuliko wanaobaki. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walichambua tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati. Walikuta kwamba uwezekano wa kufeli kwa wanaosikiliza mihadhara mitupu ni mara 1.5 ya ule wa wanaoshirikishwa darasani. Pengo hilo ni kubwa mno kulibebesha uvivu wa wanafunzi.

Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, hukohuko Marekani. Mwaka 2004 kilianzisha somo la hisabati linalofundishwa na wahandisi wenyewe. Trigonometria, yaani hisabati ya pembe na pembetatu, inafundishwa kwa mkono wa roboti: vipande viwili vya urefu unaojulikana, kila kiungo kimekunjwa kwa pembe fulani, je, ncha iko wapi? Hapo sine na kosine zina kazi, na mwanafunzi anaiona. Tena, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu, aliyefaulu somo hilo aliweza kuendelea na masomo ya uhandisi bila kusubiri amalize kalkulasi yote. Kalkulasi anaisoma bado, ila haimfungii mlango.

Wapo wanaosema ugumu wa mwaka wa kwanza unalinda ubora, maana daraja likianguka watu wanakufa. Ni kweli wanakufa. Lakini kasi ya kukokotoa katika mtihani wa saa mbili haituambii nani atakagua boriti kwa makini.

Kinachoniuma ni wale waliotoka shule zisizo na maabara wala mwalimu wa fizikia. Mmoja wao anapata alama mbovu kwenye jaribio la kwanza, karatasi haina maelezo yoyote zaidi ya alama nyekundu ya kosa, na hajui amuulize nani. Anajihesabu kuwa si wa pale. Vyuo viwapeleke wahadhiri wao hodari mwaka wa kwanza, na jaribio hilo lirudishwe likionyesha kosa lilianzia mstari upi, kabla la pili halijafanywa.