Gari la kazi likikatazwa kulala nyumbani

Hati za nyumba nyingi mpya Uingereza na Wales zina kifungu ambacho mnunuzi hukisoma harakaharaka, kama anakisoma kabisa: usiegeshe kwenye kiwanja chako karavani, boti, trela wala gari la biashara. Vitatu vya kwanza mara nyingi ni vitu vya mapumziko. Mwenye boti anaweza kuitafutia hifadhi kwingine akaifuata wakati wa likizo. Gari la biashara ni la fundi bomba, fundi umeme, seremala, mpaka rangi, mtunza bustani. Analihitaji kesho saa kumi na mbili asubuhi, na ndani yake mna kila kifaa kinachomwingizia kipato. Kuvitia vitu hivi vyote kwenye kapu moja ndiko kosa linakoanzia, ingawa wanaokitetea kifungu hiki wana hoja ambazo si za kubezwa.

Kwanza nguvu ya sharti lenyewe. Wengi hudhani kwamba nyumba ikishakuwa yao, na halmashauri haijawakataza, hakuna wa kuwauliza. Lakini sharti hili halitoki kwa halmashauri. Linatoka kwenye mkataba kati ya kampuni iliyojenga mtaa na mnunuzi wa kwanza. Mkataba kwa kawaida huwafunga walioutia saini tu, ila katika ardhi sheria ilishika njia nyingine mwaka 1848, kwenye kesi ya Tulk dhidi ya Moxhay. Moxhay alinunua bustani ya Leicester Square jijini London akijua kuwa mnunuzi wa awali aliahidi kutoijenga. Alitaka kujenga, akasema ahadi ile hakuitoa yeye. Jaji wa kesi hiyo, Lord Cottenham, alimkatalia: aliyenunua huku akiijua ahadi hawezi kuikana. Kuanzia hapo, ahadi ya kutofanya jambo juu ya ardhi huweza kuifuata ardhi hiyo kwa kila anayeinunua. Ahadi ya kufanya jambo, kwa mfano kukarabati uzio, kwa kawaida haimfuati mnunuzi wa baadaye. Kutoegesha ni kutofanya, hivyo sharti likiandikwa ipasavyo kwenye rejista ya ardhi linamkuta hata mnunuzi wa nne ambaye hajawahi kuonana na aliyejenga.

Nianze na watetezi, maana mara nyingi husingiziwa kuwa ni watu wa majivuno tu. Tuchukue vipimo. Nafasi ya kawaida ya kuegesha gari nchini humo ni mita 2.4 kwa 4.8. Ford Transit ya mwili mrefu inakaribia mita 6. Ukiiegesha mbele ya nyumba ambayo mchoraji aliipimia gari dogo, zaidi ya mita moja ya mkia wake inabaki nje, juu ya njia ya waendao kwa miguu. Mama anayesukuma kigari cha mtoto inabidi ashuke barabarani. Anayetumia kiti cha magurudumu pengine hana hata pa kushukia, kwa sababu ukingo umeinuka. Jirani anayetoa gari lake kinyumenyume haoni kinachokuja, kwani ubavu wa gari la mizigo ni bati tupu na huwezi kuchungulia kupitia madirisha yake kama ungefanya kwa gari la abiria. Mitaa mipya imejengwa kwa kubanana. Hakuna sentimita za ziada za kumsitiri mtu.

Kisha kuna kelele: mlango wa kuteleza unaofungwa kwa kishindo, ngazi za alumini zinazofungwa juu ya paa, mlio wa tahadhari wa kurudi nyuma wakati watoto wa jirani bado wamelala. Na kuna hofu ya mambo kukua. Leo ni gari moja. Mwakani fundi ameajiri vijana wawili, kila alfajiri wanakutana mlangoni pake, wanapakia mabomba na mifuko ya saruji, na barabara ya makazi imeanza kuwa karakana. Aliyehamia pale kutafuta utulivu ana haki ya kuuliza.

Hoja nzito kuliko zote ni ya uaminifu. Jirani alinunua baada ya kusoma hati zilezile na akalipa pesa yake akijua kila mmoja amefungwa sawasawa. Kuna fundi aliyeliona sharti hili, akaliheshimu, akaenda kununua mtaa mwingine. Tukisema sasa lipuuzwe kwa sababu tu linakera, tumemwadhibu yule aliyekuwa mkweli na kumtuza aliyesaini bila nia ya kutimiza. Hapo ndipo siwezi kukubaliana na wanaosema kila mtu aegeshe anavyotaka, nyumba ni yake. Hoja ya bei za nyumba kushuka, ambayo hutajwa kila mara, siipi uzito huohuo. Anayeogopa gari moja safi lililoegeshwa vizuri ana wasiwasi zaidi kuliko hasara.

Kampuni ya ujenzi nayo ina sababu yake. Wakati nusu ya nyumba hazijauzwa, inataka mteja apite kwenye mtaa unaofanana na picha za matangazo. Si nia mbaya, ila ni nia ya miaka michache, na sharti mara nyingi hubaki kwenye rejista bila tarehe ya kuisha. Mauzo yakimalizika kampuni inaondoka, na watu wanabaki na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya kuwavutia wanunuzi ambao walishanunua zamani.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Citroën Berlingo huuzwa kwa namna mbili. Ya familia ina madirisha na viti vya nyuma. Ya kazi ina bati pale penye vioo, na nyuma ni nafasi ya mizigo. Mwili ni mmoja, na kwa saizi ya kawaida urefu ni takriban mita 4.4. Iegeshe ya kwanza namba 12 na ya pili namba 14: zitakaa ndani ya mistari kwa namna ileile na kumzuia mpita njia kwa kiasi kilekile, yaani si kitu. Kwa mujibu wa sharti, huenda moja ikawa halali na nyingine kosa. Na jirani wa tatu akileta Range Rover mpya, yenye urefu wa zaidi ya mita 5, hakuna atakayemuuliza. Basi kinachokatazwa hapa si ukubwa. Kinachokatazwa ni dalili kwamba mwenye nyumba anafanya kazi ya mikono. Hilo linaniuma, kwa kuwa nyumba zile zimejengwa na watu hao hao, na bomba likipasuka usiku wa manane ndio wanaopigiwa simu.

Kuna pia tatizo la mpaka kati ya gari na gari. Hati nyingi zinasema «gari la biashara» na kuishia hapo. Je, pikapu yenye safu mbili za viti, inayopeleka watoto shule na kubeba mchanga Jumamosi, ni ya biashara? Gari dogo la abiria lililobandikwa jina la saluni mlangoni je? Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya kodi kuhusu magari ambayo Coca-Cola iliwapa wafanyakazi wake. Moja ya magari hayo, Vauxhall Vivaro iliyoongezewa safu ya pili ya viti, ilikuwa imehesabiwa na ngazi mbili za chini kuwa gari la mizigo. Mahakama ya Rufani ikasema hapana, kwa sheria ile ni gari la abiria. Uamuzi wa kodi haumfungi anayetafsiri hati ya nyumba, ambako maneno yenyewe na lengo lake ndiyo yanayoangaliwa. Lakini kama majaji walibishana ngazi kwa ngazi juu ya gari moja, si haki kumtarajia mnunuzi wa kawaida ajue mwenyewe yuko upande gani.

Halafu gari likifukuzwa uwanjani linakwenda wapi? Kwa kawaida sharti huhusu kiwanja cha nyumba. Barabara ya mtaa ikishakabidhiwa kwa halmashauri ikawa ya umma, gari lililolipiwa kodi na bima linaweza kuegeshwa kando yake mahali pasipo na alama ya katazo. Fundi mtiifu basi analitoa gari lake pale mbele ya nyumba, ambapo lilikuwa halimsumbui mtu, na kulipeleka ukingoni. Njia imekuwa nyembamba na gari la taka linapita kwa shida. Kila kero ambayo sharti lilikusudia kuiondoa imeongezeka.

Anayeumia zaidi ni fundi mwenyewe. Wizi wa vifaa kwenye magari ya mafundi ni tatizo sugu Uingereza, kiasi kwamba magari mengi yana bandiko nyuma linalosema hakuna kifaa kinachoachwa ndani usiku. Kampuni za bima huuliza gari linalala wapi. Kulitoa chini ya dirisha la chumba cha kulala na kuliacha barabara ya tatu ni kumwambia mtu abebe drili, misumeno na mashine za kukatia kila jioni, azipandishe ndani, na kesho azishushe tena kabla ya kupambazuka. Wengine hawana hata chaguo: wameajiriwa na kampuni za maji, gesi au umeme, na kazi yao inawataka walale na gari ili wakiitwa usiku waondoke mara moja.

Je, nani hasa anaweza kulisimamia sharti? Kampuni iliyojenga, kama bado ina ardhi inayofaidika nalo. Majirani pia, ikiwa mtaa ulipangwa tangu mwanzo kwa viwanja vyenye masharti ya pamoja kwa faida ya wote, kama ilivyofafanuliwa kwenye kesi ya Elliston dhidi ya Reacher ya mwaka 1908. Kwa vitendo, usimamizi huu ni wa kubahatisha. Sharti hulala miaka, magari manne ya kazi yanajulikana mtaani, kisha wawili wanagombana juu ya mti au mbwa, na ghafla barua ya wakili inakuja kuhusu gari. Mahakama inaweza kutoa amri ya kuzuia au fidia, na kuchelewa kwa mlalamikaji huhesabiwa. Katika Shepherd Homes dhidi ya Sandham, kesi iliyochapishwa mwaka 1971, mwenye nyumba alijenga uzio uliokatazwa ili kondoo wasiingie bustanini. Jaji Megarry alikataa kutoa amri ya muda ya kuubomoa, na kukawia kwa kampuni kulikuwa sehemu ya sababu. Hilo ni faraja kwa fundi aliyeegesha bila kuulizwa kwa muda mrefu, ila si hakikisho la kutembea nalo.

Kuna pia kifungu cha 84 cha Sheria ya Mali ya mwaka 1925, kinachoruhusu kuomba baraza la ardhi la ngazi ya juu lifute au kurekebisha sharti, kwa mfano pale linapozuia matumizi ya busara bila kumpa mwingine faida ya maana, na fidia ya pesa ikiwa inatosha. Njia hiyo ni nzuri kwa anayetaka kujenga nyumba ya pili kiwanjani. Kwa fundi anayetaka tu kuegesha ni ndefu na ya gharama, na majirani wote wenye maslahi wanaweza kuja kupinga.

Florida, Marekani, wamejaribu njia ya sheria. Tangu Julai 1, 2024, vyama vya wenye nyumba katika jimbo hilo haviwezi kumkataza mkazi kuegesha gari lake la kazi mbele ya nyumba yake mwenyewe, hata likiwa na nembo, mradi halijafikia kiwango cha lori kilichotajwa na sheria: uzito wa pauni 26,001, yaani karibu tani 11.8, au ekseli tatu. Napenda kwamba wameondoa suala la nembo. Jina la fundi ubavuni mwa gari halijawahi kumziba mtu njia. Lakini tani 11 ni nyingi mno kwa mitaa ya Uingereza yenye nafasi za mita 4.8. Kilichofaa kule kwenye viwanja vipana hakiwezi kubebwa kizima.

Ningependa masharti mapya yaandikwe kwa kipimo kinachoonekana kwa macho. Gari lisizidi tani 3.5, ambazo kwa kawaida ndizo mwenye leseni ya gari dogo huruhusiwa kuendesha. Liingie lote ndani ya mipaka ya kiwanja. Liwe moja kwa kila nyumba. Wafanyakazi wasikusanyike hapo, wala bidhaa zisipakiwe kwa jumla. Kanuni hiyo ingemhusu mwenye Range Rover inayochomoza barabarani sawasawa na fundi. Najua pia kwamba mwenye Transit ndefu kwenye uwanja mfupi bado angekosa, na namwonea huruma, lakini yule wa kiti cha magurudumu hana njia nyingine ya kupita.

Kwa anayekaribia kununua, wakati wa kuzungumza ni kabla wewe na muuzaji hamjabadilishana mikataba iliyosainiwa. Mwambie wakili wako wazi kwamba unalala na gari la kazi, mpe urefu na uzito wake, na umtake aulize kwa maandishi. Wakati huo kampuni bado inataka pesa yako, na inaweza kukubali kurekebisha kifungu ndani ya hati yenyewe. Usiridhike na kauli ya muuzaji wa ofisi ya mauzo kwamba hakuna anayejali. Na hata ukipewa barua ya ruhusa, wakili aangalie kama majirani nao wana haki ya kulisimamia sharti, maana ruhusa ya kampuni peke yake huenda isiwazuie wao kudai.