Steringi Hafi, Walituambia

Jamani, ni nani aliyewaruhusu Wamarekani kuua steringi?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria. Steringi anapigwa, anatoka damu puani, anafungwa kwenye nguzo ya godauni, anamwagiwa ndoo ya maji azinduke apigwe tena. Lakini hafi. Risasi zikimkaribia zinapita pembeni kwa adabu. Anayekufa ni rafiki yake, hasa yule aliyekuwa anajiandaa kuoa. Kwa sheria hiyo mtu ulitoka bandani umeridhika, ukaenda kula, ukalala.

Halafu ikaja The Walking Dead, sizoni ya Kimarekani ya maiti zinazotembea. Ilianza kuonyeshwa kwao tarehe 31 Oktoba 2010, ikatufikia huku kwa flashi, na tangu imeingia nyumbani kwangu sijapata amani. Na mazombi wenyewe sina ugomvi nao. Zombi ni kiumbe mstaarabu: anatembea polepole, hapigi simu, haombi vocha, hakuulizi umefika episodi ya ngapi. Kero ni mashabiki. Na wa kwangu anaishi kwenye kochi langu tangu alipokuja mjini kutafuta kazi "kwa muda mfupi". Ni shemeji, mdogo wake mama watoto, kwa hiyo nyumbani siruhusiwi kulalamika. Nalalamikia huku.

Shemeji si shabiki wa kawaida. Huyu kasoma kitabu chenyewe. Maana hii sizoni imetolewa kwenye katuni za Robert Kirkman, zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu, zilizoanza Oktoba 2003 na kwenda hadi toleo la 193. Shemeji anazo zote kwenye simu yake ya kioo kilichopasuka, na kazishusha kwa bando langu.

Mtu aliyesoma kitabu usikae naye sebule moja. Hamwagi mtama, hapana, yeye anakohoa. Mhusika akiingia kwenye nyumba yenye giza, shemeji anakohoa. Mhusika akianza kusimulia utoto wake na kutabasamu, shemeji anakohoa. Unajua tu huyo kwisha habari yake.

Sizoni ya 2, mtoto Sophia akapotea msituni. Mashabiki wa kule Marekani walilalamika mpaka wakachoka: watu wazima wenye bunduki wamejazana kwenye shamba la Mzee Hershel, wanamtafuta mtoto mmoja, wanagombana, wanakula, wanamtafuta tena. Nami nililalamika pamoja nao. Shemeji akawa ametulia. "Shem, ondoa wasiwasi. Kwenye kitabu Sophia hafi." Mama watoto kusikia hivyo akaenda kukaanga maandazi. Episodi ya 7, mlango wa ghala ukafunguliwa, wakatoka mazombi mmoja baada ya mwingine, wakapigwa risasi wote, kimya, halafu wa mwisho kabisa akatoka Sophia. Zombi. Maandazi hayakuliwa. Shemeji alikohoa, ila safari hii alikuwa amepaliwa.

Ungedhani atanyamaza. Wapi! Akaanza kutupigia hesabu za ukoo. Kwamba kwenye kitabu Sophia anakua, anaolewa na Carl, mtoto wa steringi Rick, wanazaa binti, wanampa jina Andrea, la yule mama mpiga shabaha ambaye Rick mwenyewe alimfanya mke. Sawa. Kwenye runinga Andrea akafa mwishoni mwa sizoni ya 3, na mashabiki kibao wakashangilia maana walimchukia kuliko mazombi. Shemeji akasema haidhuru, "Carl bado yupo." Kumbukeni maneno hayo.

Ndiyo maana nampenda Daryl Dixon, yule wa pikipiki na upinde wa kufyatua. Daryl hayumo kwenye kitabu hata ukurasa mmoja, runinga ndiyo iliyomzaa. Kwa Daryl shemeji ni kipofu kama sisi, hana pa kukohoa. Kule kwao watu walichapisha fulana kabisa kwamba Daryl akifa wanafanya fujo. Nilipoziona nikajua kumbe na wao sheria ya steringi wanaijua, ila hawana mwenye banda wa kumdai hela yao.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea. Jioni ya kwanza tu kaketi, kajifunga khanga yake, kaangalia. "Baba, hii haijatafsiriwa?" Haijatafsiriwa, mama. Shemeji akajitolea kutafsiri kwa sauti, kama wale wa kwenye kanda, na matangazo ya salamu akayaweka. Mama akauliza hawa wanaotembea ni misukule? Karibu na hapo, mama. "Nani kawachukua?" Hakuna, ni ugonjwa. Akanitazama kwa huruma. Msukule anaoujua yeye una mwenyewe: unakaa darini, unakula pumba, usiku unatolewa kwenda kulima. "Sasa hawa shamba lao liko wapi?" Hawana. "Mchawi gani huyo wa hasara?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Lakini mama huyohuyo ndiye aliyemaliza ubishi uliowatesa mashabiki miaka mingi. Dunia imekwisha, serikali hakuna, watu wanakula chakula cha mbwa, lakini nyasi mbele ya nyumba zimekatwa vizuri kuliko uwanja wa taifa. Nani anafyeka? Shemeji akatoa maelezo yake ya kisomi, kwamba mji wao wa Alexandria ulipigwa picha Senoia, huko Georgia, kwenye mitaa ambayo watu wanaishi kwelikweli na wanakata nyasi zao. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho. "Si nilisema? Wanalima usiku."

Sasa niseme la Glenn, kijana wa kundi la Rick na mume wa Maggie, maana hilo ndilo lililovunja nyumba.

Tarehe 25 Oktoba 2015 Glenn alidondoka katikati ya kundi la mazombi, matumbo yakawa yanavutwa nje, sisi tukaona kwa macho yetu. Mama watoto akalia. Na huko Marekani, kwa taarifa yenu, walikuwa na kipindi kilichofuata baada ya kipindi, kiliitwa Talking Dead, watu walikaa kwenye makochi kuwazungumzia waliokufa usiku ule. Matanga yenye matangazo ya biashara. Siku ile Glenn hakutajwa kwenye orodha ya marehemu! Wiki iliyofuata jina la Steven Yeun, anayemwigiza, likaondolewa mwanzoni mwa episodi. Mashabiki wakageuka madaktari: wengine wakasimamisha picha na kupima utumbo umetokea kwenye mwili upi. Takriban mwezi mzima hivyo. Kumbe matumbo yalikuwa ya mwenzake aliyemdondokea juu, Glenn kajisukuma chini ya pipa kubwa la taka, mzima. Na mashabiki wakakasirika! Mtu wao mpendwa yu hai, wao wamenuna.

Shemeji alikuwa anatabasamu wakati wote ule. "Siku yake haijafika, shem." Haijafika?

Aprili 2016 akaingia Negan, na rungu la besiboli lililozungushiwa senyenge, kalipa na jina, Lucille. Akawapigisha magoti watu 11 wa kundi la Rick, akawahesabu kwa wimbo wa watoto, akainua rungu, akapiga. Kapiga nani? Hawakuonyesha. Kamera ilikaa mahali pa anayepigwa, damu ikatiririka kwenye kioo, sizoni imekwisha, kwaherini hadi Oktoba. Dunia nzima ilitukana. Hata wale waandishi wa magazeti wapole walitukana kwa lugha ya staha. Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa naishi nyumba moja na mtu mwenye jibu mfukoni, maana toleo la 100 lilitoka mwaka 2012 na Negan alikuwa keshafanya yake humo. Nilimnunulia chips mayai aseme. Akala chips mayai, akafuta mdomo. "Shem, subiri Oktoba."

Oktoba ikafika, rungu likamwangukia Abraham. Shemeji kaduwaa, kwenye kitabu Abraham alikufa kwa mshale. Mama watoto akashusha pumzi, Glenn kapona! Hapo Daryl wa fulana akashindwa kujizuia, akainuka akamtia Negan ngumi, na Negan, kwa adhabu, akamgeukia Glenn. Sisimulii zaidi, kuna watu wanakula.

Usiku ule Marekani walitazama watu wapatao milioni 17. Wiki iliyofuata zaidi ya milioni 4 hawakurudi. Hapo ndipo viapo vilipoanza. Kila shabiki aliapa: basi, mwisho, siangalii tena. Mama watoto aliapa kwa jina la mama yake mzazi, mama mwenyewe akiwa amekaa pale. Lakini akipita sebuleni na sinia: "Maggie kajifungua?" Bado. Kesho tena: "Maggie je?" Bado. Mimba ya Maggie ilikwenda sizoni ya 7 yote na ya 8 yote bila tumbo kuonekana, na mtu aliyeapa kutoangalia alijua hilo kuliko mimi ninayelipia umeme.

Carl mnamkumbuka? Wa "Carl bado yupo"? Desemba 2017 alifunua shati, ameng'atwa na zombi. Februari 2018 akafa. Kwenye kitabu Carl ndiye anayebaki hadi ukurasa wa mwisho, mtu mzima, baba wa mtoto. Runingani ukoo wote ule aliotupigia hesabu shemeji ukawa umekwisha. Mashabiki wakaanzisha ombi la kutaka Scott Gimple, msimamizi wa sizoni, afukuzwe, maelfu kwa maelfu wakatia saini. Mwezi Januari hata Carl hajazikwa, Gimple akapandishwa cheo, akapewa kusimamia The Walking Dead yote kwa jumla. Hapo ndipo nilipoamini kuwa Marekani na sisi ni ndugu kabisa.

Shemeji alilala kochini ameelekea ukutani, chai hakunywa. Nikakohoa.

Halafu mwisho wa mambo, Novemba 2018, Rick mwenyewe akalipua daraja akiwa juu yake. Kwenye kitabu Rick anauawa kitandani, toleo la 192. Runingani? Mto ukambeba, helikopta ikamchukua, mzima! Steringi hakufa! Sheria yetu hiyo! Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu. Mashabiki wakalalamika tena: mmetuahidi anaondoka, mbona hamjamuua? Sasa hawa watu unawapikia nini?

Ilipofika episodi ya mwisho, ya 177, Novemba 2022, kwenye runinga kule walibaki milioni 2 na kitu. Nikasema alhamdulillahi, kochi litapumzika. Thubutu. Mwaka 2023 zikaja sizoni mpya: Maggie na Negan, muuaji wa mumewe, wakapelekwa pamoja Manhattan, na Daryl akapelekwa Ufaransa. Mwaka 2024 wakamrudisha Rick na Michonne, mama wa panga, ambaye shemeji anamwita dada kwa sababu mwigizaji wake, Danai Gurira, kakulia Harare. Wote walioapa wameniuliza kama ninazo.

Kijana wa muvi anasema nipeleke flashi yenye nafasi. Flashi yangu imejaa, na kitu kikubwa kuliko vyote humo ni video ya send-off ya dada mwingine wa shemeji, saa 4 za watu kuingia ukumbini wakicheza. Nimepiga hesabu: hiyo ikitoka, Ufaransa inaingia yote na Manhattan nusu. Mama watoto hajaulizwa, ila ndiye anayetaka kujua kama Daryl kapata mchumba.