Kitoweo kwenye posa

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi, ambayo sahibu yangu anasimulia huku anakata pumzi kwa kicheko eti nilitapika mbele za watu kwenye posa, ina chumvi nyingi. Mie sikutapika. Narudia tena, sikutapika, wala busati la watu halikuanikwa kwa sababu yangu. Ilikuwa mbweu tu. Na kwa kuwa mkate wangu nautafuta kwenye duka la dawa, nitakwambieni ilitoka vipi na kwa nini ilitoka na shombo lile, kisha chekeni mpaka mchoke.

Mtoto wa kaka anataka kuoa Bububu. Wazee wakakaa, wakasema msemaji awe mie, eti nina ulimi. Tumbo nalo limejaa riahi tangu usiku, kwa mbaazi za nazi na boflo, sahani ikarudiwa. Mbaazi zina sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuivunja, kwa hiyo inateremka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanaila, wanatoa gesi. Dawa yake ni kuziloweka usiku kucha, kumwaga yale maji na kuchemshia maji mapya. Nyumbani kwangu sote tunalijua hilo. Siku ile zililowekwa kidogo tu, wageni walikuwa njiani.

Mama mkwe yuko kwetu siku hizi. Akaniona nimejishika tumbo, akaingia chumbani, akatoka na chupa aliyoletewa kutoka Muscat. "Meza hivi viwili baba, tumbo litalala."

Mafuta ya samaki! Yakhe, mie nayauza haya. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 huwa na omega-3, yale mafuta yanayotafutwa hasa, kiasi cha 300 tu, yaani aina zake mbili, EPA 180 na DHA 120, na kilichobaki ni mafuta mengine. Madaktari huyaandika kushusha trigliseridi, yaani aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu, tena yale makali na kwa dozi kubwa, gramu 4 kwa siku. Riahi haimo. Kwenye karatasi ya madhara ndiko utakuta mbweu zenye shombo, kiungulia, kichefuchefu na kuharisha. Lakini mkwe keshanyoosha kiganja, vidonge viwili vinang'aa juu yake. Nyie wenye wakwe hebu semeni, mngemsomea somo la trigliseridi?

Chupa niliikagua, kazi haimtoki mtu. Jelatini ya ng'ombe, hapo sawa. Tarehe haijapita. Ila ilikuwa inakaa dirishani upande wa jua, na kaskazi hii mnavyoijua, vidonge vimeshaanza kugandana. Mafuta ya samaki huharibiwa na joto, mwanga na hewa, na tarehe ya kwenye chupa haiwatetei waliofungua kifuniko wakaiacha chupa juani. Kipimo chake ni rahisi: toboa kidonge kimoja kwa sindano, nusa. Mafuta mazima yana harufu ndogo ya samaki wa leo. Yaliyochacha yanachoma pua kama rangi ya milango. Sasa mkwe kasimama mbele yako, unamwambia ngoja nitafute sindano?

Nikameza. Kilichokuwa karibu ni soda ya tangawizi, nikavisukumia hiyo. Na chakula cha mchana nilikuwa nimekiacha kwa ajili ya hiyohiyo riahi, kwa hiyo tumbo ni tupu.

Wenzangu wa dukani wakifika hapa kwenye hadithi hushika vichwa.

Bububu tukapokewa vizuri. Viatu mlangoni, busati limetandikwa, wenyeji upande ule, sisi upande huu, mie katikati uso kwa uso na ami yake binti, mzee wa heshima kamili. Umeme umekatika, feni imelala. Chetezo cha udi kimewekwa mbele yangu. Mlango wa ndani una pazia, na nyuma ya pazia mnajua kuna nani: mama, makhalati, na mashoga wa binti, masikio yote kwetu.

Sasa tazameni nilivyokaa. Miguu imekunjwa, mapaja yamelibana tumbo. Ganda la jelatini limeshayeyuka zamani, maana kwenye joto la tumbo halichukui muda. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo yamepanda juu ya ile soda, yanaelea karibu na mlango wa koo. Soda nayo inaachia gesi yake. Gesi hiyo ikitaka kutoka ina njia moja tu, nayo inapita ndani ya yale mafuta.

Nikaanza. Salamu nikatoa, shukrani nikatoa, sauti nzito, kaka ananitazama kwa fahari. Nikaona sasa niingie kwenye maneno matamu. Nikasema, "Wazee wetu, sisi tulikuwa wapita njia. Tulipofika kwenye bustani yenu, tukasikia harufu…"

Hapo ndipo ilipopanda.

Haikuwa ya ghafla, laiti ingekuwa. Niliihisi inaanza chini ya kifua, nikafunga mdomo, ikatulia kidogo, nikadhani imerudi. Nikafungua mdomo niseme "ya ua". Ikatoka yenyewe badala ya ua. Ndefu. Mie mwenyewe nilikuwa naisikiliza nikingoja iishe. Halafu kimya. Halafu shombo, na moshi wa udi ukalichukua ukalizungusha sebule nzima. Nikamwona ami pua zinamcheza. Mzee wa pembeni akageuka kutazama dirisha, kuna nini huko nje.

Nyuma ya pazia sauti ya mama mmoja: "Jamani, nani kaacha ng'onda jikoni?"

Nyingine ikajibu, "Si jikoni shoga, ni huko kwa wageni."

Ami akakohoa, akaweka sawa kofia, akasema kwa upole kabisa, "Ahsanteni wageni wetu. Kumbe mmekuja na kitoweo."

Sahibu yangu akauficha uso ndani ya kofia yake, mabega yanatikisika. Nikataka kuomba radhi. Kufungua mdomo, ya pili hii hapa. Nikamwashiria kaka amalizie. Ukaletwa mrashi wa marashi, na nakuapieni, wageni wote tumekaa safu moja, nilirashiwa mie peke yangu.

Posa imekubaliwa, mahari yametajwa, harusi inapangwa. Hayo hamyasikii kwenye magrupu.

Dukani sasa watu wananiulizia "ile dawa ya kitoweo", basi nijibu mara moja. Anayetumia mafuta ya samaki ameze katikati ya mlo wenye mafuta, wali wa nazi unatosha, aanze na kimoja. Chupa ikae kwenye friji, na kumeza kidonge kikiwa kimegandishwa huenda kukapunguza mbweu. Kuna vidonge vyenye ganda gumu vinavyofunguka utumboni, hivyo ni vipole zaidi. Soda usiguse. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari wake kwanza. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine, yana vitamini A na D, na mjamzito asiyanywe bila kuuliza, maana vitamini A ikizidi inamdhuru mtoto tumboni. Riahi ya wiki nzima na zaidi, mwili unakonda, au damu chooni, hiyo ni ya hospitali, msije kwangu.

Mama mkwe hajapata habari bado. Asubuhi kaniuliza tumbo limelala? Nikamwambia limelala, mama. Akafurahi, akasema chupa ya pili ipo njiani.