Mtoto Hataki Kwenda Karate: Ratiba Ina Ubaya Gani?

Jioni ya mazoezi ikifika, nyumba nyingi zenye mtoto wa karate, judo au taekwondo hugeuka baraza la usuluhishi. Tumbo linauma, sare haionekani, kazi ya shule imekumbukwa ghafla. Hapo wazazi hugawanyika. Wapo wanaosema akikataa aachwe, kwa kuwa mchezo wa kulazimishwa huzaa kinyongo tu. Wapo wanaosema ratiba ifuatwe: leo ni siku ya mazoezi, vaa twende. Hawa wa pili siku hizi huitwa wakali, na kwa kuogopa jina hilo wengi wamehamia njia ya tatu inayoonekana ya upole: ukienda nitakununulia kitu. Katika njia hizo, ya kushukiwa zaidi ni hiyo ya tatu.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lao kwa watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili lilipewa cheti kama hicho bila kuambiwa mapema. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa wakazitumia karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Tulitazame vizuri hilo kundi la pili, maana ndilo husahaulika. Cheti kilikuwa kile kile, na hamu haikushuka. Kilichoharibu ni mapatano yaliyotangulia. Zawadi yenyewe haikuwa na kosa.

Mtu atasema: wale walipenda kuchora, mtoto asiyetaka karate ana hamu gani ya kupotea? Ni hoja ya haki, na kwa asiyeipenda karate kabisa inasimama. Ila wengi wanaogoma hawamo humo. Wanachogomea ni kukatizwa walichokuwa wakifanya. Kuwatambua si kazi: mtazame mtoto anapotoka, usiishie kumtazama anapoingia. Kwa vipindi 6 mfululizo andika alama mbili, ya kuingia na ya kutoka. Anayeingia amenuna akatoka anaonyesha teke jipya, tatizo lake liko katika nusu saa kabla ya darasa. Huyu hamu anayo, na ndiye anayehongwa zaidi kwa sababu kelele zake ni kubwa. Baada ya muda anapiga hesabu yake: jambo likilipiwa, basi ni kazi. Na bei hupanda.

Nusu saa hiyo hutengenezwa kwa mambo madogo yasiyovutia kuyaandika. Ale kidogo saa moja na nusu kabla, asile sahani nzima, kwa kuwa kurusha mateke tumbo likiwa limejaa huleta kichefuchefu cha kweli. Simu na televisheni vizimwe kabla ya kuvaa, maana kumtoa mtoto katikati ya mchezo ni kutafuta ugomvi. Sare mpya ya pamba ifuliwe mara mbili tatu kabla ya siku ya kwanza. Kola yake ngumu husugua shingo, na mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba anachokichukia ni kola. Mkanda aujue kuufunga mwenyewe: katikati ya mkanda kitovuni, mizunguko miwili, ncha moja ipite chini ya tabaka zote mbili, fundo, ncha zilingane. Na afike dakika 10 mapema. Katika dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, anayechelewa hupiga magoti ukingoni akisubiri ruhusa ya kuingia, darasa zima likimtazama. Kwa mtoto mwenye haya hiyo ni adhabu tosha, na kipindi kinachofuata tumbo lazima liume.

Wanaotaka mtoto asikilizwe wana hoja moja ambayo ratiba haiwezi kuijibu: wakati mwingine kukataa ni taarifa. Anayetoka amenuna kama alivyoingia, vipindi vyote 6, ana jambo. Mara nyingi limeanza pale darasa lilipoingia kwenye mapambano, au katika judo, pale alipoangushwa kichwa kikagonga mkeka. Huyo arudishwe hatua nyuma. Kuanguka kuanzie kwenye kuchuchumaa, kidevu kikibanwa kifuani, mkono ukipiga mkeka, kabla ya kuanguka kutoka kusimama. Mapambano yaanze kwa kupiga pedi, kisha shambulio moja lililotangazwa na kinga moja, kisha kugusana mabega tu. Mwalimu mwelewa hukubali akiombwa faraghani. Ila kuna dalili zisizongoja ratiba wala mazungumzo: kichwa kuuma baada ya kupigwa, michubuko isiyoelezeka, kumwogopa mtu mmoja mahususi. Hapo anatolewa siku hiyo hiyo.

Pia wana haki wanapowashuku watu wazima. Shirikisho la judo la Japani lilifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi mwaka 2022, likilalamikia tamaa ya kushinda kwa vyovyote vile. Mzazi anayeshikilia ratiba kwa sababu anaitaka medali yeye, hatetewi hapa.

Mkanda nao ni ahadi. Mikanda ya rangi, inayoonyesha ngazi ya mwanafunzi, ilienea Ulaya kupitia judo, na anayetajwa sana ni Mjapani Mikonosuke Kawaishi aliyefundisha Paris miaka ya 1930. Ya mwanzo huja upesi, halafu nafasi kati ya mkanda na mkanda inapanuka, na mtoto aliyezoea kuhesabu rangi anaona amekwama. Mpe kitu kifupi cha kuhesabu. Heian Shodan, kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ya wanaoanza katika mtindo wa karate wa Shotokan, ina miondoko 21. Igawe vipande vya 5, 4, 8 na 4, kila wiki kipande kimoja. Kipande cha pili na cha tatu vyote huishia kwenye ukelele wa kiai, na watoto huupenda. Sifa nayo iwe ya jambo lililoonekana: “leo kila ngumi ulirudisha mkono mwingine kiunoni.” Ukimwita bingwa, hajui afanye nini kesho.

Ratiba inayotetewa hapa, basi, ina mwisho. Tarehe inawekwa mwanzoni, wiki 10 au 12 mbele au mara baada ya mtihani wa mkanda unaofuata, na kabla yake suala la kuacha halijadiliwi mlangoni. Ndani ya muda huo mtoto achague anachoweza kuchagua: siku ipi kati ya mbili za wiki, kata ipi aonyeshe nyumbani, nani ampeleke. Kama kuna zawadi, ije bila kutangazwa, baada ya kipindi ambacho hakuna aliyekiahidia kitu. Tarehe ikifika aulizwe mchana, akiwa ameshiba, na siku isiwe ya mazoezi. Akisema hapana, ikubaliwe bila kesi, na aende mwenyewe kumuaga mwalimu.