Haikuwa ndani ya treni

Naanza na masahihisho, maana yule mshkaji wangu ameshatembeza sauti kwenye makundi matatu ya WhatsApp kwamba tumbo liliniachia ndani ya treni, na mama mdogo kanipigia kutoka Tanga kuuliza kama huku Ujerumani kuna kipindupindu. Haikuwa ndani ya treni. Ilikuwa hatua kumi na mbili hivi baada ya kushuka. Tuheshimu ukweli.

Jumamosi nilijipeleka Wiesbaden peke yangu. Kutoka Frankfurt unapanda treni ya S1, dakika arobaini na kitu, na tiketi ya mwezi ninayo, kwa hiyo ni kama bure. Mnajua cha bure kinavyonitia wazimu. Ule mji ni wa chemchemi za moto tangu enzi za Warumi. Maarufu kuliko zote ni Kochbrunnen: maji yanatoka ardhini na joto la nyuzi 66, yanachuruzika juu ya jiwe lililoganda ukoko wa rangi ya chungwa, utadhani sufuria ya pilau iliyosahauliwa jikoni. Pembeni kuna kibanda cha nguzo chenye maji ya kunywa. Hakuna wa kukudai senti.

Harufu ni ileile ya chemchemi ya Galanos pale Amboni, yai viza. Wa Tanga mmenielewa. Ladha ni supu ya kuku iliyotiwa chumvi mara mbili, halafu kuku akatoroka. Mzee mmoja alikuwa anakunywa kikombe kidogo, funda kwa funda, kama kahawa chungu. Nikamdharau. Nikajaza chupa yangu ya robo tatu lita, nikaipoza, nikaimaliza. Nikajaza tena, nikamaliza. Bibi mmoja akanipa sentensi ndefu yenye "nicht" (yaani "si") mbili ndani yake. Nikamjibu "Danke schön", asante sana, kwa bashasha zote. Nikajaza ya tatu ya kwenda nayo nyumbani.

Nikapiga picha mbele ya Kurhaus, jengo la mwaka 1907 lenye kasino ndani. Dostoevsky, yule mwandishi wa Urusi, alikombwa hela zake kwa kamari mjini humu mwaka 1865. Nilicheka sana. Mtu mzima hovyo, anapotezaje kila kitu ugenini?

Halafu nikaenda kupanda Nerobergbahn. Hapa nisikilizeni vizuri. Kitreni hiki cha kupanda mlima, cha tangu 1888, hakina injini. Ni mabehewa mawili ya manjano yaliyofungwa kwa waya mmoja mnene wa chuma. La juu linajazwa maji tumboni, hadi lita 7,000, uzito unalishusha, nalo linalivuta la chini kupanda. Likifika chini, linamwaga. Yaani maji ndiyo yanayoendesha. Na mimi muda huo maji yalikuwa yameanza kuniendesha.

Naingia, nakaa, na behewa nililokalia ndiyo kwanza linamwaga. Chini ya miguu yangu. Shwaaaaa. Bila haraka, bila aibu, mpaka tone la mwisho. Tumbo likasikia. Tumbo likajibu, na mama aliyekaa mbele yangu akamtazama mbwa wake.

Tukaondoka. Safari nzima ni dakika tatu na nusu, mbio za mtu anayesukuma toroli. Dakika ya kwanza nilikunja nne. Ya pili nikaikunjua, nikakunja ya upande wa pili, kijasho chembamba kikashuka mgongoni kikaenda kutalii. Meno ya reli chini yanasema ka-ka-ka-ka, na kila "ka" naihisi mahali pake. Katikati ya mlima tukapishana na behewa lenzetu linashuka. Wote mle wanapunga mikono. Katoto kamoja kakanipungia mimi hasa, kwa mikono miwili. Nilikatazama tu. Jamani, sikuwa na mkono wa ziada, kila kiungo kilikuwa kazini. Kakaanza kulia.

Mlango ukafunguliwa. Nikatembea kama bibi harusi, hatua fupifupi, hadi mgahawani. Kijerumani chote kikayeyuka. Nikamshika dada wa kaunta kwa macho nikasema neno moja lililobaki: "Wasser!" Nilimaanisha maji yameniua. Akatabasamu, akageuka, akanimiminia glasi ya maji. Taratibu. Kutoka juu. Nikiyasikia.

Basi.

Sehemu kubwa ilifika chooni, niseme hivyo. Koti likafungwa kiunoni mtindo wa kikoi, nikarudi Frankfurt nimesimama na viti vipo tele. Kosa langu lilikuwa kumsimulia mtu mmoja.

Ile chupa ya tatu ipo kwenye friji. Mshkaji anakuja kwangu Jumapili kula wali, na huwa hapendi kusoma maandishi marefu. Nyie mnaomjua, kimya.